Picha Sita na Mkate wa Kumimina

Majirani wakimuuliza mama yangu ninafanya kazi gani, hujibu kwa neno moja: "Anafungasha." Muulizaji hudhani niko kwenye ghala la karafuu, au bandarini. Mama haongezi kitu. Siku niliyojaribu kumweleza kwa kirefu alinisikiliza mpaka mwisho, akanywa maji, akasema, "Kwa hivyo unafungasha." Nilipokaa nikafikiri, niliona hajakosea.

Ninaandika programu zinazopeleka ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyengine. Si ujumbe wa watu kusalimiana. Ni ujumbe wa mashine kwa mashine: shehena hii, imetoka mahali hapa, uzito wake huu, imepimwa siku fulani. Maandishi ya namna hiyo ni mepesi na hayana taabu. Taabu huanza mtu anapotaka kuambatisha picha. Kwa kompyuta, picha si maandishi. Ni mlolongo mrefu wa namba zisizosomeka, na ukizipitisha kwenye njia iliyotengenezwa kwa maandishi, lolote laweza kuzipata. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuhakikisha kuwa picha iliyotoka huku nzima inafika kule nzima.

Ofisi yetu iko ghorofa ya pili, Mkunazini, mjini Unguja, juu ya fundi cherehani. Ngazi zake zimesimama wima hata wageni wengi hufika mezani kwetu wakiwa hawawezi kusema, wakaonyesha kiti kwa kidole. Tuko wawili. Mwenzangu ni mtu wa Tumbatu na yeye ndiye mwenye seva, yaani ile kompyuta inayopokea ujumbe wote. Mimi ni mwenye programu ya simu. Huniita Dada Mkubwa ijapokuwa amenizidi miaka mitatu, kwa sababu, kwa maneno yake, ninapanga mambo kama mwalimu wa chuo cha Kurani anayehesabu misahafu. Ni kweli ninapanga. Nina daftari la mistari, na kila hitilafu huiandikia saa, mahali, na maneno ya aliyeiona kama alivyoyasema. Hitilafu ya Jambiani imo humo kwa kurasa nne, na ukurasa wa mwisho una alama ya mafuta ya nazi.

Wenye hitilafu, au tuseme waliotendewa, ni kikundi cha akina mama wakulima wa mwani wa kijiji cha Jambiani, pwani ya mashariki. Kwa miaka walikuwa wakiuvuna, wakiuanika, wakiutia magunia, kisha wakimsubiri mtu wa kampuni inayonunua aje kutoka mjini. Akija huangalia, hupiga picha, huandika, huondoka, na gari la kuchukua magunia huja siku nyengine. Katika kusubiri huko mvua nayo haikai kwao ikangoja zamu. Mwani mkavu ukirudi maji hubadilika rangi, hunuka, na hauna mnunuzi tena.

Kampuni ikakubali utaratibu mpya. Kikundi kitapiga picha zake chenyewe, sita kwa kila shehena: nne za mwani, moja ya mizani, moja ya barua ya kikundi yenye muhuri wa sheha, kiongozi wa kijiji. Zitatumwa kwa programu yetu. Shehena ikithibitishwa, gari linakwenda Jambiani Alhamisi moja kwa moja. Isiyothibitishwa haifuatwi.

Aliyeupigania utaratibu huo ni katibu wa kikundi, ambaye sisi ofisini tulizoea kumwita Bi Katibu. Wenzake wengine hawakuutaka. Akawaambia, na maneno haya alinisomea mwenyewe kana kwamba anatoa ushahidi: "Nipeni shehena moja tu. Ikikwama, turudi kwa mambo yetu ya zamani, na simu ya kikundi mumpe mwengine." Kwa hivyo ile shehena ya kwanza, magunia thelathini na mawili, ilikuwa imebeba mwani wa wote na neno la mmoja.

Nilikutana naye siku ya mafunzo, barazani kwake.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi simu?"

"Mimi ni wa programu, Bi."

"Kwa hivyo simu ikivunjika kioo hujui."

"Sijui."

"Haya, karibu hivyo hivyo."

Alijifunza kwa saa moja. Alipiga picha moja ya jaribio, ya kuku aliyekuwa karibu, akaituma, na jibu likarudi likiwa na alama ya kijani. Tukaagana vizuri. Ile picha ya kuku ndiyo iliyonidanganya, lakini kabla ya kufika huko ni lazima niseme jinsi nilivyoufungasha mzigo wenyewe.

Mara ya kwanza kabisa, kabla ya mafunzo, niliigeuza kila picha kuwa herufi na kuipachika katikati ya ujumbe. Njia hii ni ya zamani na inafanya kazi, ila namba tatu za picha hugeuka herufi nne, kwa hivyo mzigo hunenepa kwa theluthi nzima. Mwenzangu aliufungua ujumbe wa kwanza kwenye seva, akausukuma chini kwa kidole, akausukuma tena, mpaka akaegemea kiti. "Dada Mkubwa," alisema, "hii ni barua au ni godoro?"

Nikabadilisha. Nikafanya kama watu wa shamba wanavyotuma vitu mjini: kikapu kinakwenda kama kikapu, na maelezo yanakwenda kama maelezo. "Kikapu kina kitambaa chekundu mkononi, ndani mna muhogo." Ujumbe wangu ukawa mfupi, wenye mstari unaosema kuwa picha ya kwanza imo katika kifurushi namba moja, ya pili namba mbili, na picha zenyewe zikafuata nyuma kama zilivyo, bila kugeuzwa. Mzigo ukapungua. Lakini picha zikaanza kufika nusu yake kijivu. Tulitafuta siku mbili, tukakuta kuwa mahali fulani njiani programu moja ilidhani vifurushi ni maandishi, na kwa wema wake ikawa inarekebisha ilichokiona kuwa makosa ya mwisho wa mistari. Hakuna anayeharibu mambo kama msaidizi ambaye hakuombwa. Tukamtoa.

Tangu hapo nikawa na hofu. Nitajuaje kuwa picha imefika nzima? Seva ikijibu "Imepokelewa," imepokea nini? Hapo malezi yangu yakaingia kazini bila kubisha hodi.

Katika nyumba niliyokulia, sahani ya jirani hairudi tupu. Mwezi wa Ramadhani ndiyo kabisa, sahani zinapishana uchochoroni, lakini hata miezi mingine ni hivyo. Ikija na bajia, itarudi na maembe. Kama siku hiyo jikoni hamna kitu, itarudi na sukari iliyokunjwa kwenye karatasi, au ndimu mbili. Niliwahi kulirudisha bakuli la jirani likiwa tupu, nina miaka saba. Mama alinikuta mlangoni kwa watu, akawaomba radhi kwa niaba yangu mbele yangu, akanirudisha nyumbani na bakuli. Sikupigwa. Ingekuwa afadhali.

Basi jibu tupu la "Imepokelewa" niliona ni utovu wa adabu, na tena halithibitishi chochote. Nikaandika hivi: seva ikishapokea picha, jibu lake lizirudishe zote, ili simu izilinganishe na zake moja moja. Zikifanana, alama ya kijani. Zisipofanana, au jibu lisipokamilika ndani ya dakika moja, simu ihesabu kuwa mzigo umepotea, ipumzike dakika tano, na itume upya yenyewe. Ofisini, kwa waya, jambo zima lilikwisha kabla hujapepesa. Kule Jambiani, kwa picha moja ya kuku, lilikwisha pia. Nilijiona fundi.

Jumatatu ya shehena ya kwanza simu yangu ililia saa nne asubuhi.

"Naam, Bi Katibu."

"Mwanangu, simu yako inasema haijafika."

"Simu yangu?"

"Ikifanya kazi ni yangu, ikigoma ni yako. Inasema haijathibitishwa, inajaribu tena. Tangu saa tatu inajaribu. Mimi nimekaa tu na nshachoka kwa niaba yake."

Nilimwambia aifunge programu, nitaangalia. Sijaangalia, akapiga karani wa kampuni. Huyu ni mtu wa maneno mengi na kazi safi, na ndiye anayeandaa orodha ya dereva.

"Jamani," alisema, "hawa akina mama wa Jambiani wamevuna bahari yote? Nina shehena kumi na moja hapa, kila moja magunia thelathini na mawili."

"Ni moja."

"Najua ni moja! Mizani ni ile ile. Kuna paka kalala kando ya mizani, kalala mara kumi na moja na hajageuza hata mkia. Lakini mimi siwezi kuthibitisha paka. Nambieni ipi ya kweli, na simu yao nayo ikubali kuwa imetuma. Orodha naifunga Jumatano saa kumi. Baada ya hapo dereva anakwenda kwa niliowaandika."

Nilifungua daftari, nikaandika: Jumatano, saa kumi alasiri. Nikapiga mstari chini yake.

Siku hiyo na siku ya pili yake tuliwashuku wote. Nilishuku simu ya Bi Katibu, nikashuku mnara wa Jambiani, nikashuku ukubwa wa picha, nikamshuku mwenzangu. Yeye alinigeuzia kioo cha kompyuta yake. Shehena kumi na moja, picha sitini na sita, hakuna hata moja yenye kijivu. "Huku kwangu vitu vimefika," alisema. "Vimefika vizuri kupita kiasi. Mgonjwa hayuko kwangu, Dada." Niliwakata washukiwa mmoja mmoja daftarini, na kila nilipokata nilijiona na bidii. Nafsi yangu sikuiandika kwenye orodha. Ukurasa ninao mpaka leo, washukiwa saba, na jina la mwenye daftari halimo.

Jumanne mchana mvua ilishuka mjini, maji yakapita Mkunazini yakiwa na maganda ya machungwa. Nilipiga simu Jambiani.

"Kumefunga," alisema Bi Katibu. "Hakujanyesha bado. Wenzangu washaanza kuniuliza kwa upole. Mimi upole wao siupendi, nawajua wakiwa na raha zao wanavyopiga kelele."

Jumatano asubuhi mwenzangu alinipa Vespa yake pamoja na masharti matano, nikatia kompyuta begini nikaondoka. Njia ya msituni ilikuwa imelowa, na kima punju walikuwa wakivuka kwa utaratibu, mmoja mmoja, kama watu wenye miadi yao. Nilifika saa tano. Magunia yalikuwa chini ya turubai kwenye kibanda kisicho na ukuta upande wa bahari, na mbingu ya upande huo ilikuwa ya rangi ya sufuria. Barazani kwa Bi Katibu walikaa akina mama sita au saba wanasuka ukili wa mikeka, na nilivyowaona tu nilijua hawakuja kwa ajili ya ukili.

Niliwaamkia. Waliitika. Mmoja, jirani wa mlango wa pili, mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi, aliniuliza, "Bibie, umekuja kutengeneza au umekuja kuchukua simu mumpe mwengine?"

"Nimekuja kuona," nilisema.

"Kuona hata sisi tunaona."

Bi Katibu aliifungua simu kutoka kwenye pindo la kanga yake. Nikamwomba aitume shehena kama alivyoituma Jumatatu, nami nikae pembeni nisimsaidie. Nikashika daftari na saa. Akabonyeza. Kwenye kioo ukatokea mshale wa juu, nikahesabu: sekunde arobaini na sita. Kisha ukatokea mshale wa chini. Nikahesabu kumi na nne. Dakika ikatimia, kioo kikawa chekundu: inajaribu tena.

"Umeona?" alisema. "Kila mara ni hapo hapo. Mshale wa juu unakwenda zake. Ukigeuka kuja chini, unakufa. Hebu nambie, huu wa chini unaleta nini?"

"Unaleta jibu, Bi."

"Jibu gani zito hivyo? Karani kaniandikia kitabu?"

"Hapana. Jibu linarudisha zile picha."

"Picha zipi?"

"Zenu. Zile sita."

Aliishusha simu mapajani. Mikono ya ukili ikasimama barazani kote.

"Nimekuletea picha sita, unanirejeshea picha sita zile zile?"

"Ili simu ione zimefika salama," nilisema, na nilivyoyasikia maneno yangu nje ya ofisi hayakuwa na nguvu niliyoizoea.

"Mwanangu, kwenu mna majirani?"

"Tunao, Bi."

"Nikikuletea sahani ya mkate wa kumimina, utanirejeshea sahani tupu?"

"Hata. Sikulelewa hivyo."

"Ahsante. Utatia nini?"

"Chochote kilichopo. Nikikosa kabisa, ndimu."

"Hutotia mkate wangu?"

Wote waliangua kicheko. Jirani mwenye ulimi mwepesi alijifunika uso kwa ukili. Bi Katibu mwenyewe hakucheka bado, alitaka kwanza amalize somo.

"Ukinirejeshea mkate wangu mwenyewe, maana yake hukuula. Mimi nitakaa jikoni kwangu nifikiri: haukuumuka? Nimetia iliki nyingi? Nimemkosea nini mtoto wa watu? Nitapika mwengine, nikuletee tena."

"Mara kumi na moja," alisema jirani kutoka nyuma ya ukili.

Hapo Bi Katibu alicheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga, nami nikacheka, ila mimi nilikuwa nikicheka huku nikiandika. Yote aliyoyasema yalikuwa maelezo sahihi ya hitilafu. Kupandisha picha kulikula sehemu kubwa ya dakika, kuzishusha zote hakukupata nafasi, simu ikadhani mzigo umekataliwa, ikapika mwengine. Na seva, ambayo sikuifundisha kumtambua aliyekwisha kufika, ilimkaribisha kila mara kama mgeni mpya na kumpa namba yake. Siku mbili nilikuwa nikiitafuta habari hii mjini, na mpishi wa mkate aliipata kwa swali moja.

Dawa yake niliijua, na hili ndilo linalonichekesha mpaka sasa. Si uvumbuzi wowote. Wafanyakazi wa kazi hii kila mahali huitumia, na mimi nilifundishwa darasani. Kuna hesabu unayoipitisha juu ya namba zote za picha, kutoka ya mwanzo hadi ya mwisho, na ikimaliza inakupa mstari mmoja mfupi wa herufi sitini na nne. Mstari huo ni kama alama ya kidole ya picha ile. Ukibadilisha hata namba moja ndani ya picha, alama yote hubadilika. Seva ikiipokea picha, huihesabia alama yake na kuirudisha hiyo tu. Simu nayo huihesabia picha yake alama. Zikifanana, picha imefika nzima. Jibu si tupu, na mkate wa watu umebaki ulikopelekwa.

Nilimpigia mwenzangu.

"Ondoa picha kwenye jibu. Weka alama, moja kwa kila picha. Na shehena ambayo alama zake sita tunazo, isiandikwe upya. Irudishiwe namba yake ya zamani, na zile zilizokwisha kurudiwa uziunganishe ziwe moja."

"Ni sawa kabisa. Tumekuwa wajinga. Nani kakwambia?"

"Bi Katibu."

"Anajua mambo ya alama za faili?"

"Anajua mambo ya ndimu."

"Dada Mkubwa," alisema taratibu, "jua kali huko? Umekunywa maji?"

Nilikaa barazani na kompyuta mapajani, waya wa umeme umepita dirishani kwa Bi Katibu. Kazi ya upande wangu haikuwa kubwa, lakini nilikuwa na tabia ya kukagua kila kitu mara mbili, na saa ilikuwa ikitembea. Saa saba waliniletea wali na mchuzi wa pweza wa nazi. Nikala kwa mkono wa kulia na kuandika kwa wa kushoto, na hapo ndipo daftari lilipopata ile alama yake. Hakuna aliyeniuliza imebaki kiasi gani. Walizungumza mambo yao, ila kila upepo ulipogeuka wote walitazama upande wa kibanda.

Saa nane na nusu matone yakaanza, makubwa, ya kuhesabika. Bila mtu kutoa amri, baraza lote likasimama. Walivuta turubai, wakaikaza kwa kamba zile zile wanazofungia mwani baharini, wakaweka mawe pembeni. Kulikuwa na ukelele mwingi, na nilimsikia Bi Katibu akipiga kelele kuliko wote. Upole ulikuwa umekwisha. Nilijisikia vizuri kidogo.

Saa tisa kasoro robo mwenzangu alipiga: upande wake tayari. Nikaunganisha simu ya kikundi kwa waya, nikatia programu mpya. Nikaongeza pia muda wa kusubiri, kwa tahadhari, kwa kuwa mtu akishaumbuka mara moja huwa muangalifu. Nikampa Bi Katibu simu yake. Maji yalikuwa yakimchuruzika kwenye kanga, akajifuta vidole kimoja kimoja, akasema bismillahi, akabonyeza.

Mshale wa juu. Arobaini na nne, arobaini na tano. Arobaini na nane. Ukatoweka, na papo hapo kioo kikawa kijani.

"Umekwama?" aliuliza.

"Imefika, Bi. Imekwisha."

"Mshale wa chini haukuja."

"Umekuja. Hukuuona kwa wepesi wake."

Aliitazama ile kijani, akaigeuza simu kwa wenzake, mmoja baada ya mwengine, kama anayeonyesha mtoto mchanga. Jirani mwenye ulimi mwepesi aliitazama zaidi ya wote. "Haya," alisema, "kaa nayo simu yako." Kwa mtu kama yule, hiyo ni hotuba.

Saa tisa na dakika kumi karani alipiga. "Jana shehena zilikuwa kumi na moja, sasa naona moja. Mmezifanyaje?"

"Zote zilikuwa na alama zile zile. Zimerudi kuwa moja."

"Na paka?"

"Paka mmoja."

"Basi nawaandika. Dereva atakuwa huko kesho saa tatu. Mwambieni Bi magunia yawe mlangoni, huyu dereva hapendi kushuka."

Alhamisi gari lilifika saa tatu na nusu. Dereva alishuka, kwa taarifa ya Bi Katibu, tena akabeba. Magunia yote thelathini na mawili yalipandishwa makavu, na mvua ya kweli, ile iliyokuwa ikitutishia siku tatu, ilinyesha baada ya adhuhuri, ikakuta kibanda kitupu. Alinisimulia yote hayo kwa simu, na nyuma yake nilisikia baraza zima likizungumza kwa wakati mmoja.

Alasiri ile ile dereva alipanda ngazi zetu za Mkunazini. Alipofika juu hakuweza kusema, akaweka mezani kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na sahani, na juu yake kawa la ukili, na chini ya kawa mkate wa kumimina, umeumuka vizuri, ufuta juu, iliki kwa kiasi. Mwenzangu alikata kipande kabla sijasema kitu. "Huu," alisema mdomo umejaa, "tusiurudishe."

Sahani niliipeleka nyumbani. Mama alisikiliza hadithi yote, akaiosha mwenyewe, akaenda sokoni Darajani kuchagua ndimu. Alichagua kumi. Alhamisi iliyofuata nilimpa dereva, akaondoka nazo kwa shehena ya pili.

Jioni hiyo tulikuwa tumekaa na Mama uani simu ikalia.

"Sahani imefika," alisema Bi Katibu. "Ndimu kumi. Tisa safi, moja ina doa jeusi karibu na kikonyo. Mshukuru sana mama."

Nilimfikishia Mama maneno yale kama yalivyo, na doa lake. Mama aliendelea kuchambua mchele wake.

"Ile ya doa niliiona sokoni," alisema. "Basi ni zile zile."